Vipimo vya Watu Themanini

Kaka yangu alinifundisha kupika akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anapanga nguo kwenye begi. Mbele yetu hapakuwa na jiko wala sufuria. Anakunja shati, analiweka kando, anachota hewa kwa mkono kunionyesha.

"Maharage unayaosha mara tatu. Yakishaiva, chumvi ngumi moja. Ukiona haijakolea, nusu ngumi tena. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Hebu soma."

Nikasoma. Daftari lilikuwa langu la darasa la tano, darasa nililoishia. Mwaka ule niliugua mguu nikalazwa miezi mingi, na nilipopona niliona aibu kurudi kukaa dawati moja na watoto wadogo. Kaka alinibembeleza mpaka akachoka. Ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, mimi nikiwa na miaka saba na yeye kumi na minane.

Kaka ni mpishi. Alikuwa akipika kwenye kantini ya karakana ya magari makubwa, analisha mafundi themanini kila mchana, na jioni anarudi nyumbani na bakuli la mfuniko lenye chakula kilichobaki. Hicho ndicho tulichokula miaka yote. Sikuwahi kupika kwa sababu haikuhitajika. Na jambo ambalo siku ile halikunijia akilini ni kwamba hata yeye hakuwahi kupika chakula cha watu wawili maishani mwake.

Sasa kampuni moja iliyokuwa ikijenga barabara, mwendo wa siku mbili kwa basi, ilimtaka awe mpishi mkuu wa kambi yao. Wangemjaribu mwezi mmoja. Akiwaridhisha, wangempa mkataba wa miaka mitatu. Cheo hicho alikuwa akikitamani tangu akiwa mwosha vyombo.

"Nakuacha mwezi mmoja," akasema akivuta zipu ya begi. "Nikirudi nikakuta umekonda, unaishi kwa chai na mkate, mkataba sitii sahihi. Narudi kantini kwangu tunaendelea kama zamani. Siwezi kukaa kule roho juu, sijui kama mdogo wangu amekula."

"Nitapika."

"Kusema utapika ni rahisi, Kimya." Kimya ndilo jina alilonipa. "Mimi nitakuangalia mashavu."

Alipoondoka nilikaa chumbani nikasikia kila kitu: bomba la uani linadondosha, jirani anakohoa, nondo anagonga kioo cha taa. Nyumba yetu ni ya wapangaji, vyumba sita vinatazamana, na wanawake wote hupikia uani. Huko ndiko wanakocheka na kusemana, huyu anaonja mchuzi wa yule. Mimi niliingiza jiko la mafuta ndani, nikafungua dirisha, nikafunga mlango. Sikutaka mtu anione nikishika mwiko kama nimeshika jembe.

Nilianza na maharage, kikombe kimoja. Nilifuata daftari neno kwa neno. Yalichemka tangu jua likiwa juu hadi likazama, maana sikujua kwamba hulowekwa kwanza. Yalipolainika nikatia chumvi ngumi moja, nikakoroga, nikaonja. Machozi yalinitoka. Nikafikiri kosa ni langu, kwa sababu kaka ni mpishi na mafundi themanini hawajawahi kulalamika. Nikaongeza maji, nikayamwaga, nikaongeza mengine. Nilikula maharage yale siku tatu, kila baada ya vijiko viwili nakunywa kikombe cha maji.

Jumapili kaka alipiga simu.

"Umepika?"

"Maharage."

"Yamekolea?"

"Yamekolea sana."

Akacheka kwa furaha, akaanza kunieleza majiko ya kambini, jinsi yalivyo mapana, mtu anaweza kulala juu yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mwepesi. Sikumkatiza.

Wiki ya pili nikajaribu yai. Hapo kazi yangu ndiyo iliyoniponza. Mimi napiga pasi kwa dobi, na pasi zetu ni za mkaa. Kujua kama pasi imepata moto, unachovya vidole kwenye maji unairushia matone. Yakikimbia huku yanalia, pasi iko tayari. Mkono wangu umefanya hivyo miaka minne, haungoji tena niuambie. Basi nikatia mafuta kikaangoni, nikangoja, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kikombe cha maji.

Mafuta yaliruka kama yametukanwa. Yaliniunguza toka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Yai likaanguka, nikapiga ukelele. Uani wakanyamaza.

"Kuna nini humo ndani?" mmoja akauliza.

"Hakuna kitu," nikajibu.

Basi wakaendelea na mazungumzo yao, nami nikaufuta ute wa yai sakafuni kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo nilirudi kwenye chai na mkate. Mchana kazini wenzangu wakikusanyika kula, mimi nilikwenda nyuma kukunja mashuka. Siku moja nikabana sketi kiunoni kwa pini, na nilipoifunga ile pini nikaelewa kwamba kaka hatatia sahihi. Atarudi kantini, atafokewa na msimamizi anayemwita "wewe wa masufuria", na sababu nitakuwa mimi.

Pale kona ya mtaa wetu kuna mama anayeuza mboga kwenye meza. Kila kitu amekipanga mafungu madogomadogo, nyanya tatutatu, vitunguu viwiliviwili, kwa hiyo watu humwita Mama Mafungu. Alikuwa ananiona kila jioni nikipita na mkate kwapani.

"Binti," akaniita siku ile, "wewe na muuza mkate mmeoana?"

Nilitabasamu nikataka kupita.

"Simama kwanza. Mkono umefanya nini?"

"Mafuta."

"Yalikurukia tu au uliyachokoza?"

"Niliyarushia maji."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Ulikuwa unayabatiza?"

Ikabidi nimweleze habari ya pasi. Nilieleza huku natazama nyanya. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa upindo wa nguo, na mimi, sijui ilikuwaje, nikacheka naye. Nilikuwa sijacheka tangu kaka aondoke. Nikatoa daftari mfukoni nikampa kabla ujasiri haujaniishia.

Akalisoma kwa kulisogeza mbali na macho. "Chumvi ngumi moja? Mafuta mwiko mmoja? Mwanangu, aliyekuandikia hivi anakupenda au anakutafutia jeneza?"

"Ni kaka yangu. Ni mpishi wa kantini."

"Analisha wangapi?"

"Themanini."

"Na wewe uko na nani nyumbani?"

"Peke yangu."

"Peke yako," akarudia, safari hii bila mzaha. Akafunga daftari, akanirudishia. Halafu akachukua chumvi kwenye kopo lake la chakula, akaikamata kwa vidole vitatu, akanionyesha. "Hiyo ndiyo ya mtu mmoja. Maharage loweka asubuhi ukienda kazini. Kitunguu kimoja, nyanya mbili, mboga fungu moja. Ukimaliza bado una njaa, kesho ongeza. Kikibaki, kesho punguza. Na mafuta yaache, yakipata moto yatakuambia yenyewe."

Tangu siku hiyo nilipita kwake kila jioni. Sikuwa na maneno mengi, yeye alikuwa nayo ya kututosha wote wawili. Alinifundisha viazi vya nyanya, alinifundisha kupima maji ya wali kwa pingili ya kidole. Uji ulinishinda mara moja tu. Mara ya pili nikakumbuka wanga tunaoupika kazini kwa ajili ya kola za mashati: unga unavurugwa kwanza kwa maji baridi, ndipo unamiminwa kwenye ya moto, na mkono hausimami. Uji ukatoka laini, hauna hata donge moja.

Wiki ya tatu nilipika mboga za majani na viazi, nikakaa kwenye kigoda, sahani mapajani. Vilikuwa vitamu. "Vitamu," nikasema kwa sauti, kisha nikaona haya kana kwamba mtu amenisikia. Hakukuwa na mtu. Nikatazama kitanda cha kaka, shuka nililolinyoosha siku aliyoondoka halijaingia mkunjo. Ndipo nikaona ninachokifanya. Nikipika vizuri, anakwenda miaka mitatu. Nikiharibu, anabaki. Kila nilichojifunza pale kona kilikuwa kinamsogeza mbali na mimi.

Alifika Jumamosi asubuhi. Amenenepa kidogo, na mkononi ana koti jeupe la kazi ambalo mtu amelipiga pasi vibaya. Kabla hajakaa alishaanza kusimulia, kwamba wanakambi wakimwona asubuhi wanasimama, kwamba ana wasaidizi sita, kwamba mhandisi mmoja alikuja jikoni kumpa mkono.

"Jumatatu wanataka jibu," akasema. "Lakini kwanza nipikie. Nakwenda kuoga, nikirudi nikute sahani."

Maharage yalikuwa tayari tangu alfajiri. Nikabandika wali. Maji yalichemka, yakapungua, nikafunika nikapunguza moto. Kutoka bafuni nilimsikia akiimba, yeye ambaye haimbi. Baada ya muda sufuria ikabadilisha sauti. Maji yakiisha, punje za chini huanza kutatarika, taratibu, kama mtu anakanyaga majani makavu. Hapo ndipo pa kuepua.

Sikuepua. Nilikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Sikuhitaji kufanya chochote kibaya, kukaa tu. Wali ungeungua, angeonja, angetikisa kichwa, na jioni ya Jumatatu tungekula chakula cha kantini pamoja. Harufu ikaanza kupanda, nzuri kwanza, kisha yenye ukali. Bafuni bado anaimba. Nikasimama nikaepua.

Alikula sahani ya kwanza, akajipakulia ya pili. Akila chakula cha mtu mwingine, kaka hutazama ukuta.

"Maharage nani kakufundisha?"

"Muuza mboga wa pale kona."

"Chumvi ulitia kiasi gani?"

"Vidole vitatu."

"Mimi si nilikuambia ngumi?"

"Uliniambia ya watu themanini, kaka."

Akaacha kutafuna. Nikaona akihesabu kichwani, kisha akapasuka kwa kicheko mpaka akapaliwa. "Uliitia?"

"Niliitia."

"Ukafanyaje?"

"Nikala. Siku tatu."

Kicheko kikamwishia mdomoni. "Na kwenye simu ukaniambia yamekolea."

"Si yalikolea?"

Hakucheka tena. Akavuta sufuria ya wali ajiongezee, na kijiko kikagota chini. Akainamisha sufuria dirishani kwenye mwanga. Ukoko ulikuwa mnene, umekolea hudhurungi, pembeni umeanza weusi.

"Huu wali uliiva vizuri," akasema polepole. "Punje zote zimesimama. Asiyejua kupika huunguza chini huku juu bado mbichi. Wewe uliuivisha, halafu ukauacha motoni. Dakika tano hivi. Ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote. Nilikuwa nimekaa hapo."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nikatazama kigoda. Akaiweka sufuria chini, taratibu sana kwa sufuria iliyobaki na ukoko tu.

"Basi siendi," akasema. "Jumatatu nawapigia simu, wamtafute mwingine."

Alilisema kwa haraka, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua gunia. Nikaona kwamba hata yeye alikuwa anatafuta sababu. Nilichokitaka kilikuwa mbele yangu. Nilitakiwa ninyamaze tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

"Niliuepua," nikasema.

"Eh?"

"Wali. Niliuacha, kisha nikauepua mwenyewe. Haujaungua. Hiyo ni sahani yako ya pili."

"Kimya."

"Ulisema utaniangalia mashavu. Niangalie basi."

Akaniangalia. Sikuinamisha uso, ingawa shingo ilikuwa inataka.

"Miaka mitatu ni mingi, mdogo wangu."

"Najua."

"Utakuwa unakula peke yako."

"Nimeshaanza, kaka."

Akakwangua ukoko kwa kijiko, akaung'oa mzima, akaukata vipande viwili na kunipa kimoja. Tukatafuna. Ulikuwa mgumu, unapiga kelele mdomoni.

"Natia sahihi," akasema akiwa bado anatafuna, hanitazami.

Nilikusanya vyombo nikatoka navyo uani. Wanawake wawili walikuwa bombani. Mmoja akavuta ndoo yake kunipisha.

"Leo una mgeni, jirani?"

"Ni kaka yangu. Anaondoka kesho kutwa."

"Aa. Harufu ilikuwa nzuri."

"Asante," nikasema. Nikachuchumaa nikaosha zile sahani mbili, moja baada ya nyingine, na zilipokuwa safi nikaziosha tena.