Kidole cha Mlinzi

Mashine ya getini iliwaka taa nyekundu. Genivaldo akakifuta kidole kwenye suruali, akakibandika tena. Nyekundu.

"Vidole vyako umevisahau nyumbani, mzee," alisema Cleiton, mlinzi wa jengo, jirani yake kule mtaa wa mlimani, jijini Recife, Brazili.

Ulikuwa utani wa kila asubuhi. Kwa siku arobaini na moja, baada ya kutania, Cleiton aliweka kidole chake mwenyewe, taa ikawaka kijani, na fundi akapita kwenda ghorofa ya kumi na mbili kuweka vigae vya Bi Heloísa. Saruji ilikuwa imezila alama za vidole vyake zamani. Hata kikombe cha kahawa alikishika bila kujua kina moto.

Leo hakuja kufanya kazi. Sakafu ilikwisha wiki iliyopita, magoti nayo yakakataa kupigwa tena. Ofisi ya mafao ya ulemavu ikataka vidole. Mashine ya huko ilipomkataa, karani alisema bila kuinua macho, "Basi leta barua ya mwajiri wako wa mwisho. La sivyo, kwetu sisi wewe hujawahi kufanya kazi."

Cleiton akampigia Bi Heloísa simu ya getini, akampa fundi mkonga wa simu.

"Fundi wangu," alisema Bi Heloísa. "Wageni wote wanaulizia hiyo sakafu."

Siku ile ya kununua vigae, Bi Heloísa alikuwa amependa vinavyong'aa. Genivaldo akalaza viwili uso kwa uso, akamwonyesha mwanya wa vigae vilivyopinda, akamwaga maji mgongoni mwa kigae aone kinavyoyanywa. Akarudisha boksi nane zenye namba tofauti za toleo, maana rangi zisingelingana. "Huyu ndiye fundi," Bi Heloísa aliwaambia wauzaji. "Msikilizeni."

"Naomba barua, mama," Genivaldo alisema sasa simuni. " Mistari miwili tu, kwamba nilikufanyia kazi."

"Ningekuandikia sasa hivi. Ila mume wangu anasema nikitia saini nimekiri nilikuajiri bila kukusajili, kesho naitwa mahakamani. Unajua ninavyokuheshimu."

"Najua, mama."

Akarudisha simu. Cleiton alikuwa amekasirika kuliko yeye.

"Achana naye. Hii mashine inaandika kila anayeingia, tarehe na saa. Nakuchapishia zote, uwapelekee."

Akafungua kompyuta, akateremsha orodha. Akaiteremsha tena, polepole. Kisha mkono ukatulia.

"Imeniandika mimi," alisema. "Saa moja asubuhi, Cleiton. Saa moja asubuhi, Cleiton. Siku zote arobaini na moja." Akauondoa mkono kwenye kompyuta. "Nilidhani nakusaidia, mzee."

"Ulinisaidia."

Genivaldo alingoja hasira ije. Haikuja, na hilo ndilo lililomtisha kidogo. Alisimama tu akitazama sakafu ya ukumbi, mahali kigae kimoja kilipokuwa kimeinuka pembeni.

Simu ikalia. Cleiton akasikiliza, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Ni Bi Heloísa. Rafiki yake wa ghorofa ya kumi na saba ameletewa vigae. Anaomba uvipitishie macho kabla hujaondoka. Dakika mbili, anasema. Nimwambie umeshaenda?"

Genivaldo akayasugua magoti.

"Wengi huchanganya namba za boksi," alisema.

Cleiton akamtazama, kisha akainua kidole chake, akakibandika kwenye mashine. Taa ikawaka kijani. Kwenye kioo cha kompyuta ukaongezeka mstari mmoja: Cleiton, saa nne na robo. Fundi akapita.