Oili Nyepesi

Kila alfajiri kwa miaka sita, binti Kibiriti aliingia mvunguni mwa lori la mjomba wake na jiko la mkaa. Jina lake lilitoka huko. Bila moto huo, oili iliyolala na baridi ya mlimani iligeuka nzito kama uji wa jana, starta ikanguruma kivivu mara tatu, betri ikakata roho, na maziwa ya watu yakabaki getini. Dereva alijaribu kushika jiko siku moja, nusura ateketeze matairi.

"Mjomba, oili hii ni nzito mno kwa baridi yetu."

"Nzito ndiyo inayokaa," mjomba humjibu. Aliipenda kama wengine wanavyopenda blanketi, na hakuna fundi aliyemtoa hapo.

Sasa chuo cha ufundi kilikuwa kimemwita Kibiriti. Mwisho wa kuripoti ni leo saa nane mchana, na asiyefika nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Chuo kiko mji wa chini, huko huko lori linakopeleka maziwa. Alipoomba ruhusa, mjomba hakukataa. Ni mjanja kuliko hivyo. Alisema mbele ya dereva, "Siku lori litakapowaka bila mkono wako, utapanda na begi lako." Kisha akaenda zake kula, maana alijua siku hiyo haipo.

Jana mchana, mjomba akiwa kwenye kikao cha wafugaji, Kibiriti na dereva waliimwaga oili yote, wakabadilisha filta, wakatia nyepesi. Kwenye kopo kuna namba mbili, na ya kwanza ndiyo inayosema oili itakwendaje kwenye baridi: ikiwa ndogo, oili inawahi kupanda juu ya injini kabla vyuma havijasagana. Namba zote mbili aliziandika ukutani kwa chaki, kubwa kubwa, ili akiwa mbali mtu yeyote ajue cha kununua.

Alfajiri hii hakuwasha jiko. Alisimama kando, mikono ndani ya koti, begi likiwa tayari kwenye kiti cha abiria. Barafu nyembamba ilikuwa imeshika kioo. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

"Washa mwenyewe, Mjomba. Mimi sigusi."

Mjomba akacheka, akapanda, akazungusha ufunguo. Starta iliita mara moja tu, injini ikashika, ikatulia. Dereva alipiga makofi. Kibiriti alijikuta analia kwa furaha.

Mjomba akazima. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakimulika kwa tochi. Oili ilichuruzika upesi.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi." Alijibu kwa fahari, na hapo ndipo alipoharibu.

"Basi mkono wako umo humo ndani."

"Mjomba! Namba nimeziandika ukutani pale, yeyote anaweza..."

"Ukuta utasikia injini ikikohoa?" Hakuwa na hasira hata kidogo. Uso wake uling'aa. "Miaka sita nakubishia, kumbe nina fundi kamili nyumbani. Uende chuo ukafundishwe nini tena?"

Akalitoa begi kwenye kiti, akaliweka chini, pale jiko linapokaa siku zote. Kisha akamtia Kibiriti ufunguo kiganjani na kumfumba vidole, kimoja kimoja.

"Kuanzia leo ufunguo huu unakaa kwako. Hata mwanangu wa kumzaa sijampa."

Kibiriti alimtazama dereva. Dereva ana watoto wanne na kazi hii moja. Alikuwa anafuta kioo ambacho kilikwisha kuwa safi.

"Haya, liwashe, mama. Maziwa yanachelewa."

Akapanda. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Kibiriti alimwomba Mungu lori lisiwake. Akazungusha ufunguo, likawaka papo hapo. Akashuka, akampisha dereva, akabaki chini na begi lake.