Pinde za Mkono wa Kushoto

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na blanketi la viraka la mama yangu lilikuwa limelala juu ya meza ya jikoni kama ndama aliyefungwa miguu. Latrice, msichana aliyelileta nilipunguze, alikuwa akilamba sukari ya donati vidoleni, hana habari.

"Likate tu, Mama Iola," akasema. "Linaburuta chini mpaka linanasa kwenye magurudumu ya kiti cha bibi. Juzi nusura limwangushe. Lifike magotini, basi. Kitakachobaki, tupa."

"Bibi yako kalipata wapi?"

"Kalishona mwenyewe! Hukujua? Lilipata utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, kwenye maonyesho ya wilaya. Utepe uko ukutani mpaka leo."

"Ahaa," nikasema. Nikauweka mkasi chini.

Mama yangu, Ardelia Pruitt, alikuwa mashoto. Kwetu Alabama, wanawake waliposhonea pamba kati ya viraka na bitana, hawakuchora mistari. Mwanamke aliegemeza kiwiko kwenye fremu, akauzungusha mkono, sindano ikaufuata mkono unavyokwenda: upinde juu ya upinde, kama magamba ya samaki. Pinde za wanawake wote wa kanisa la Nebo ziliinamia upande mmoja. Za mama ziliinamia upande wa pili. Kwa hiyo alishona peke yake, fremu imening'inia darini kwa kamba, na mimi nimekaa chini yake nikisikiliza sindano ikipenya.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nimechinja wengi, nimepata mmoja, na damu haikumwagika."

Nilijua jibu, maana nililiona juu ya kichwa changu. Suruali za shambani za marehemu baba, na viraka vyake vya magoti vikiwa na buluu iliyokolea kuliko pengine. Mifuko ya unga. Gauni langu la kwanza la shule, la manjano.

Wenzake walimtania. Vesta Crowder, mke wa shemasi, ndiye aliyezidi. "Ardelia, blanketi lako linatembea kinyumenyume!"

"Linakukimbia wewe, Dada Vesta," mama akajibu, na wote wakacheka, hata Vesta.

Mwaka wa sitini na moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, mama akashikwa na kifua. Vesta alikuja na supu ya kuku. Alipoondoka, alikuwa amelikunja blanketi kwapani. "Niazime nitoe mfano wake. Litarudi kabla ya Pasaka." Pasaka ikapita. Pamba ikachanua, ikavunwa. Tukaenda kwenye maonyesho, jengo letu sisi Weusi likiwa nyuma ya mazizi ya nguruwe, tukalikuta blanketi limetundikwa ukutani, utepe wa buluu umening'inia, na kikaratasi: Vesta Crowder.

Wanawake wa Nebo walikuwa wamesimama pale pale. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa kuona pinde zile zilivyoinama. Nikawatazama mmoja mmoja usoni, nao wakatazama viatu vyao. Shemasi ndiye aliyekuwa na gari pekee la kumfikisha mtu hospitali.

Mama alinishika bega. "Twende nyumbani, Iola."

Alikufa Januari, chini ya blanketi la jeshi lililomkwaruza shingo. Usiku kucha alikuwa akilisukuma.

Sasa basi, niambieni, ningelikataje? Shetani alinipa mashauri mengi siku ile. Nilichome. Nilichanechane niwarushie kuku. Nimrudishie Vesta tambara lisilofunika hata goti moja. Nakiri kwamba nilishika kiberiti. Lakini kila nilipoligusa nilikuta mshono wa mama, na mama hakunikosea kitu.

Nililala na hasira yangu, nikaamka nayo, na kufikia kifungua kinywa ilikuwa imepata akili.

Sikukata. Nilifumua. Mstari wa chini wa viraka, uzi baada ya uzi, kwa ncha ya sindano, mpaka ukaachia wenyewe: goti la baba na manjano yangu. Huo nikauweka chini kabisa ya sanduku langu. Kisha nikahamishia sindano mkono wa kushoto. Wiki tatu nilijifunza kwenye mifuko ya zamani, nikijichoma, nikilaani, mpaka kiwiko kikajua njia ya mama. Nilikunja upindo mpya, na juu yake, katikati ya pinde za mama, nikashona pinde zangu. Kwa uzi mweusi, mnene. Kila upinde ukawa tumbo au mgongo wa herufi.

Latrice alipolichukua alisema, "Maua mazuri!" Sikumsahihisha.

Novemba, siku ya ukumbusho wa kanisa la Nebo, tulikula uani baada ya ibada. Vesta aliletwa kwenye kiti chake, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, blanketi mapajani, na wanawake wakimzunguka kama malkia wa nyuki. Nikampelekea pai ya viazi vitamu. Vidole vyake vilikuwa vikitambaa juu ya kitambaa. Vikasimama. Vikarudi nyuma.

"Ni vinundu gani hivi?"

"Latrice," nikasema, "msomee bibi yako."

Msichana akainama, akicheka. "Kumbe ni maandishi! A, R, D... Ardelia. Ardelia Pruitt kanishona." Kicheko kikamkauka. "Bibi? Ardelia ni nani?"

Ruby Nell, mkongwe kuliko wote pale, ndiye aliyefungua kinywa. "Mama yake Iola," akasema. "Tulijua wote. Mungu atusamehe, tulijua siku ile ile."

Vesta akalikwaruza jina kwa ukucha. "Ling'oe, Iola."

"Halitoki, Dada Vesta. Nimelipitisha ndani ya pinde zake. Ukilifumua, pamba yote itamwagika."

"Basi liondoeni blanketi. Nasikia joto."

"Joto? Na upepo huu wa mtoni?"

Nikapiga magoti mbele yake. Nikalivuta blanketi kutoka mapajani mpaka kifuani, jina likiwa kwa nje, nikalichomeka vizuri huku na huku, taratibu, kama mtu anavyomfunika mgonjwa anayempenda.