Marehemu Hakuvuta Kamba

Jumanne ile Masalu aliacha simu yake nyumbani kwenye chaji, kama alivyofanya kila siku aliposhuka duarani, shimo la kuchimba dhahabu. Alikunywa chai akiwa amesimama, akambeba mwanetu Loveness hadi mlangoni, akamrudisha kitandani, akaondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa nne na nusu jirani alikuja kuniita. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumlaza mume wangu juu ya turubai la bluu, karibu na rundo la viroba vya mawe, na mtu alikuwa amemfunika uso kwa shati. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Naandika ili mpangilio wa mambo usinipotee. Watu wananishauri nisahau. Nimewaona wao wanavyosahau, na sitaki kuwa kama wao.

Duara lile, hapa Rwamgasa, lina kina cha mita arobaini. Siku ile chini walikuwa wawili, Masalu na Kalisti, mtu wa Bukoba. Juu alikuwa mmoja, Ndaki, mshika kamba. Zipo kamba mbili. Ile nene hupandisha mawe na watu. Ile nyembamba ni ya ishara: ncha moja iko chini kwa wachimbaji, ncha nyingine hufungwa kwenye mkono wa kushoto wa mshika kamba. Ikivutwa mara moja, simama. Mara mbili, pandisha mzigo. Mara tatu, tutoe haraka. Mshika kamba haifungui kamba ile mkononi mpaka mtu wa mwisho atoke. Hata akila, anakula nayo. Akitaka kwenda haja, anaifunga kwanza kwenye mkono wa mtu mwingine.

Pembeni yake huwa kuna mashine ya petroli inayopuliza hewa chini kwa bomba. Mashine ikizimika, walio chini wana muda mfupi.

Ndaki na mume wangu walizaliwa Tinde, nyumba mbili zikitenganishwa na shamba la mtama. Walisoma darasa moja na walikuja Geita kwa basi moja. Walitofautiana kwenye timu tu, na kwa ajili hiyo walitukanana kila wiki kwa furaha. Wote wawili walikuwa kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Kijiwe cha VAR, lenye watu zaidi ya mia mbili, kuanzia hapa hadi Kahama na Shinyanga mjini. Msimamizi wake ni Salmini, mwenye duka la vifaa vya wachimbaji. Salmini huyohuyo ni katibu wa kamati ya maduara.

Asubuhi ile simu ya Masalu haikunyamaza. Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na mechi ya Uingereza. Kipa alishikilia mpira zaidi ya sekunde nane, refa akatoa kona kwa sheria mpya, kona ikazaa goli, kisha VAR, mashine ya marudio ya video, ikalikagua lile goli dakika nne nzima kutafuta kama ncha ya kiatu cha mtu ilikuwa imeotea. Nilikuwa nachambua mchicha, simu iko kwenye kigoda, nikawa nasoma.

Maulidi wa Nyahanga, ambaye huuza simu pale Kahama, alisema sheria ya sekunde nane itatushinda. Huku kwetu refa atahesabu nane kwa timu moja na ishirini kwa nyingine.

Ndaki alimjibu: "Ndiyo maana tunataka mashine. Binadamu anajisahau."

Maulidi akauliza hiyo mashine itashikwa na nani kama si binadamu, na akasema hata kura zina mashine zake na tunajua mambo yake. Salmini akaandika kwamba siasa zibaki nje, halafu yeye mwenyewe akaandika maneno marefu kuhusu katiba. Ndaki akadakia: nchi nzima inataka marudio, kila mwananchi aone mstari ulichorwa wapi na nani aliuchora. Akamwambia Maulidi kwamba mtu wa Nyahanga akionyeshwa mstari atauliza unauzwa bei gani.

Nilicheka. Nikachukua simu ya mume wangu nikatuma vikatuni vitatu vya kucheka.

Ndaki akaandika: "Masalu yuko chini, huyo anayecheka ni shemeji. Shemeji mwenyewe kaelewa, wewe Maulidi huelewi."

Nilifurahi kutajwa. Lazima niliandike hili kwa sababu ni kweli. Baada ya pale Ndaki aliendelea, ujumbe juu ya ujumbe, mirefu, ya mtu anayeandika kwa vidole gumba viwili. Sikujiuliza anaandikaje hivyo ikiwa mkono mmoja una kamba.

Kalisti alinieleza yaliyobaki. Alinieleza kwenye matanga kule Tinde, tukiwa nyuma ya nyumba, naosha masufuria. Ana saa ya mkononi, kwa sababu wao hupokezana kwa saa mbili mbili. Mashine ya hewa ilipozimika aliitazama ile saa. Ilikuwa saa nne na dakika tano. Masalu ndiye aliyekuwa karibu na kamba ya ishara, akaivuta mara tatu. Wakasubiri. Akavuta tena mara tatu. Kalisti alisema Masalu aliivuta mpaka akaanza kuivuta kwa uzito wa mwili wake wote, akaning'inia, nayo ikakaza kama imefungwa kwenye mwamba. Halafu akamwambia, "Wewe una pumzi kuliko mimi, panda kwenye matimba, kamwambie Ndaki." Matimba ni magogo yanayozuia kuta zisianguke. Kalisti akayapanda kama ngazi, mita arobaini, anatapika njiani.

Alipotoa kichwa nje, saa yake ilionyesha saa nne na dakika ishirini. Kamba ya ishara ilikuwa imefungwa kwenye nguzo. Ndaki alikuwa amekaa chini ya kivuli cha turubai, ameipa mgongo ile mashine iliyozimika, anaandika.

"Shemeji, hakunisikia hata nilipomwita," Kalisti aliniambia. "Ilibidi nimshike bega."

Nilirudi jikoni. Ndaki alikuwa pale Tinde. Ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi, ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Kila asubuhi alikwenda kwa mama mkwe wangu, Mbuke, akachuchumaa, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na mama akamshika kichwa na kusema Mungu amemwachia mtoto mmoja. Wakati wa chakula alikaa kwenye mkeka wa wanaume, akala ugali wetu, akaomba mboga iongezwe. Mimi ndiye niliyempelekea. Nilimwangalia anavyotafuna, nikaenda kusimama kwenye zizi mpaka alipomaliza kula. Sikumwambia mama. Kuzika mtoto mmoja kulimtosha.

Kijiwe cha VAR nacho kiliomboleza. Salmini aliweka picha ya Masalu akiwa na jezi yake, pamoja na mshumaa, iwe picha ya kundi badala ya ile ya kombe. Ikaja mistari ya pumzika kwa amani kamanda, pumzika kwa amani jembe, kama sabini hivi. Nilihesabu dakika: nane. Dakika ya tisa mtu akatuma video ya penalti ya mkono, akauliza wakuu hii ni halali, na hapo wakaondoka wote kama kuku waliomwagiwa mtama. Siku ya tatu picha ya mume wangu ilitolewa, ikarudishwa ile ya kombe.

Siku hiyo ya tatu niliifungua simu nitafute ule ujumbe wa Ndaki wa asubuhi ya Jumanne. Nilitaka kuona saa. Saa zilikuwepo. Saa nne na dakika sita, na saba, na tisa, na kumi na moja, mpaka saa nne na dakika kumi na tisa, mara tisa, jina la Ndaki juu, na chini yake, mahali pa maneno, imeandikwa kwamba ujumbe huu umefutwa na msimamizi.

Salmini alikuja Tinde kwenye mazishi na pikipiki yake. Wakati tunaimba, yeye alikuwa amekwisha kufuta.

Kamati ya maduara ilikaa siku tatu baada ya sisi kurudi Rwamgasa, kwenye banda la karasha, mashine za kusaga mawe zikiwa zimezimwa ili tusikilizane. Mwenyekiti aliomba tusimame dakika moja. Kisha Ndaki akaeleza. Alisema kamba ilikuwa mkononi mwake wakati wote, mashine ilizimika ghafla, na hakupata ishara yoyote kutoka chini. Alilia. Naamini machozi yalikuwa ya kweli.

Kalisti akasimama akasema yake, saa na dakika, na nguzo. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mtu aliyevuta hewa mbaya robo saa anaweza kusoma saa. Wakacheka kidogo, kicheko cha kujizuia cha kwenye msiba.

Nami nikasimama. Sijazoea kuongea mbele ya wanaume wengi. Niliwaambia sitaki Ndaki afungwe, wala sitaki chochote cha mtu. Nataka jambo moja, kwenye muhtasari iandikwe kwamba Masalu alivuta kamba. Nikampa mwenyekiti simu aone zile nyakati tisa. Akaziangalia, akampitishia Salmini.

Salmini alisema ujumbe uliofutwa hausemi kitu. Huenda simu ilikuwa kwa mtu mwingine. Huenda ilikuwa inapeleka yenyewe ujumbe uliochelewa kwa sababu ya mtandao. Halafu akaeleza kwa lugha wanayoielewa wote mle bandani.

"Waheshimiwa, hata VAR yenyewe haibadilishi uamuzi kwa kubahatisha. Lazima kosa liwe la wazi kabisa. Kukiwa na shaka, uamuzi wa uwanjani unabaki."

Vichwa vikatikisika. Niliwaona mmoja mmoja, watu waliokuwa wakigombea ncha ya kiatu cha mzungu mpaka simu zinaisha chaji, wanakubali kwa kichwa. Mwenyekiti akamwambia Salmini aandike. Aliandika: mashine ya hewa iliishiwa mafuta, marehemu hakuvuta kamba. Akanisomea, kisha akaniuliza kama najua kusoma ili niweke sahihi. Nimemaliza kidato cha nne. Sikuweka sahihi.

Nilipomfuata Salmini nje alikuwa anavaa kofia ya pikipiki. Nilimuuliza kwa nini alifuta.

"Mama Loveness," akasema, kwa upole kabisa, "nimelinda heshima ya kijiwe. Na Ndaki ni kijana wetu, ana familia. Kifo hakina marudio."

Akawasha pikipiki.

Nilikwenda kwenye ofisi ya serikali. Bwana mmoja alinisikiliza vizuri, akasema malalamiko kama haya huanza na muhtasari wa kamati. Nikamwambia muhtasari ndio ninaoulalamikia. Akasema hata hivyo niulete.

Wiki tatu baadaye niliwasha tena simu ya Masalu. Kijiwe kilikuwa kinawaka moto. Palikuwa na ajali mahali, daraja limekatika, sikumbuki wapi, na mkubwa mmoja alikuwa amesema lawama si zake. Maulidi alisema hapo ndipo nchi ilipooza. Salmini alisema tatizo ni kulindana. Ndaki akaandika: "Kiongozi mwenye aibu anasimama anasema nilikosea. Nchi hii hakuna anayesema nilikosea." Wakampigia makofi ya vikatuni, kama ishirini. Wengine walimwita mheshimiwa.

Niliusoma ule ujumbe mara mbili. Nikaandika, kwa simu ya mume wangu, jina la mume wangu likiwa juu: "Ndaki, kuanzia saa nne na dakika tano hadi saa nne na dakika ishirini kamba ilikuwa wapi?"

Nilidhani Ndaki atajibu. Niliona juu pale kwamba anaandika, akaacha, akaanza tena kuandika, akaacha. Nilishika simu kwa mikono miwili. Kama angeandika neno moja tu, nilikuwa tayari kulipokea, kwa ajili ya Tinde, kwa ajili ya mama Mbuke.

Aliyejibu alikuwa mtu nisiyemjua. "Marehemu kaja na VAR yake."

Vikatuni vya kucheka vikaanza kushuka. Vya kwanza vilikuwa vichache, vya kuogopa, halafu vikawa vingi. Vilikuwa sawa na vile nilivyotuma mimi Jumanne ile. Chini yake Maulidi akaandika kwamba jamani tuheshimu msiba, na chini ya Maulidi mtu akauliza leo mechi saa ngapi. Kisha yakatokea maandishi kwamba Salmini ameiondoa namba hii kwenye kundi, na sikuweza kuona tena yaliyofuata.

Kalisti ameondoka Rwamgasa. Alisema hawezi kushuka tena mahali popote ambapo juu yupo mtu. Muhtasari umebaki ulivyoandikwa, bila sahihi yangu. Duara limefunguliwa tangu mwanzo wa mwezi, matimba mapya, mashine ya hewa mpya. Wanashuka watu wanne kila asubuhi, na mshika kamba ni Ndaki.