Maiti Iliyomtambua Meneja

Kila asubuhi ya kazi, kabla ya kuwalisha kuku, Etelka alikoroga damu. Aliichemsha jikoni kwake kwa sukari, rangi nyekundu na kakao kidogo ili isifanane na jamu, akaijaza kwenye chupa ya siki na kwenda nayo kwa miguu hadi monasterini. Monasteri yenyewe ilikuwa ya mbao na plasta. Ng'ombe wa kijiji walichungwa pale kabla Waingereza hawajaja Hungaria kurekodi tamthilia yao ya televisheni ya watawa wa kale. Katika kila kipindi mtu aliuawa monasterini, na mtawa mmoja mwenye akili akamfichua muuaji kabla watazamaji hawajaenda kulala.

Aliyeuawa, mara nyingi, alikuwa Vendel, shemeji yake Etelka. Alikuwa tarishi mstaafu mwenye kipaji kimoja tu: aliweza kulala kama gogo hata nzi akimtembea puani. Walimbadilisha ndevu wakamuua upya.

"Shemeji, leo wananitoa roho na nini?" aliuliza huku Etelka akimpaka unga usoni.

"Nyundo. Kichogoni."

"Afadhali. Kile kisima cha juzi kilinipa mafua."

"Nyamaza, maiti haina mdomo."

"Basi mimi ndiye mume uliyemkosa."

Etelka alicheka. Alikuwa mjane tangu vuli iliyopita na bado alicheka kwa urahisi, jambo ambalo majirani walilisema kwa sauti za chini.

Mumewe, Gáspár, alikuwa seremala. Ndiye aliyejenga mnara wa kengele. Siku aliyokufa aliomba apewe muda autie mnara nguzo mbili zaidi, lakini meneja wa upigaji picha, Bwana Hadley, akamwambia jua linazama, apande hivyo hivyo aitengeneze kengele. Gáspár alipanda, mnara ukashuka naye. Polisi walipokuja, Hadley aliwaambia kwamba marehemu alinuka mvinyo.

Sasa, katika kijiji kile hata padri alikuwa na pishi la mvinyo chini ya nyumba. Gáspár peke yake, kwa sababu ya tumbo, alikunywa maji ya matunda, na walimtania tangu ujanani mpaka mvi zikamtoka. Habari zilipofika kwamba amekufa amelewa, wanaume walifurahi kwa upendo kabisa. "Kumbe naye alikuwa mwenzetu!" walisema, wakamnywea. Hilo ndilo lililomkereketa Etelka kuliko jeneza. Alitaka kitu kimoja tu: Hadley aseme kwa kinywa chake kwamba mume wake hakuwa amelewa.

Kipindi cha siku hiyo kilihusu desturi ya zamani. Mtu akiuawa, washukiwa walipitishwa mmoja mmoja mbele ya maiti, na maiti ikitoka damu, muuaji ni yule aliyesimama hapo. Vendel alilazwa kanisani juu ya ubao, mishumaa pande zote, ubani ukifuka. Etelka alijificha chini ya ubao na mpira wa kukamua damu. Muuaji wa kipindi, mtawa mpishi, alipogusa maiti, Etelka alikamua. Hakikutoka kitu, mpira uliziba. Wakarudia, ukaziba tena. Hadley, aliyechukia kupoteza muda, akaja mwenyewe kuona kinachowachelewesha.

Alipofika kwenye ubao, Vendel akatoka damu. Ilitoka kichogoni, ikajaza mto na kudondoka sakafuni. Etelka, kwa mazoea ya kazi, aliichovya kidole akaionja. Damu aliyoikoroga yeye ilikuwa tamu siku zote. Hii ilikuwa ya chumvi.

"Shemeji, unaumwa?" alinong'ona.

"Siumwi. Naona ubaridi kidogo tu."

Hadley alirudi nyuma hatua chache, damu ikakatika. Alisogea, ikaanza. Mwongozaji, mama mchangamfu mwenye kofia ya sufu, alimwomba asogee na kurudi mara kadhaa, kisha akapiga makofi. Katika miaka yake yote ya kazi, alisema, hajaona damu iliyoshika mwanga vizuri namna ile. Akachora msalaba wa chaki nyuma ya nguzo, mahali ambapo kamera haifiki, akamwomba meneja asimame hapo. Hadley aliuliza kama anaweza kupata kiti. Akaletewa.

"La kuvunda halina ubani," Vendel alisema bila kufumbua macho.

"Maiti inyamaze!" aliita mwongozaji.

Wakati wa chakula Etelka alimfuata Hadley, ambaye kwa miaka yake ya kazi kijijini alikuwa amejifunza Kihungari cha kuagizia supu na kukatalia maombi.

"Bwana, umejionea mwenyewe."

"Nimeona, mama. Pole sana."

"Basi sema. Neno moja tu. Sema Gáspár hakuwa amelewa."

Hadley alifuta mdomo kwa upole. Hakuwa mtu wa kelele. "Kusimama pale nitasimama hata mpaka jioni. Kusema ni kazi ya waigizaji."

Alisimama kweli, na si siku hiyo tu. Kwa vipindi vyote vilivyobaki meneja aliwekewa msalaba wake wa chaki, na Etelka akaacha kukoroga. Kazi yake sasa ilikuwa kufuta. Vendel alinenepa, maana walimlisha maini kila mchana, na alisema hajawahi kufa kwa raha kama mwaka ule.

Kipindi kilipoonyeshwa, kijiji kizima kilijaa kwenye ukumbi wa utamaduni. Wanawake walileta vimkate vya chumvi, wanaume wakaleta vilivyomo pishini. Hadley aliketishwa mbele kama mgeni wa heshima. Picha ya kanisa ilipotokea, televisheni ilianza kuvuja. Damu ilipita ukingo wa kioo, ikalowesha kitambaa cha kufuma kilichotandikwa chini yake. Mtu akaleta karai. Hadley akainua miguu ili wamfutie sakafu, akashukuru, akachukua kimkate kingine.

Etelka aliacha kufuta. Alisimama mbele ya watu wote, kitambaa cha kufutia mkononi.

"Mnaona? Mnaona inavyotoka? Mume wangu alipanda mnara ule akiwa mzima, hana tone tumboni. Mtu huyu ndiye aliyempandisha!"

Ukumbi ulimwangalia kwa mapenzi. Hapakuwa na aliyebisha. Vendel aliangalia viatu vyake. Hadley mwenyewe aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri.

"Tunajua, Etelka," alisema bibi mmoja wa nyuma kwa sauti ya huruma. "Sote tunajua, mwanangu. Lakini hebu kaa, unatuzibia."

Kwenye kioo mtawa alikuwa amekwisha kuinua kidole amtaje muuaji. Etelka akakaa.