Sahani ya Saba

Edinalva alipokuja kuniomba mbwa, nilimwacha asimame kwenye matope mpaka akamaliza kusema yote. Sikumkaribisha. Tulikuwa hatusemeshani tangu kiangazi, tangu asubuhi ile niliyomkuta mbwa wangu Tubarão chini ya pipa la maji, povu mdomoni, miguu imekakamaa kama ya meza. Wiki ile nusu ya mbwa wa kijiji walikufa vilevile, kwa nyama yenye sumu. Aliyeitega hakuna aliyemwona, lakini kila mtu alimjua mwanamke aliyekuwa akilia uani kwamba mbwa wa watu wanammalizia kuku.

"Dada Zulmira," akasema, "Jumapili ni sikukuu ya Mtakatifu Lazaro. Niazime Piaba."

"Piaba mgonjwa."

Piaba mwenyewe alikuwa hapo miguuni kwangu anajikuna sikio, mzima wa afya. Edinalva akamtazama, akanitazama.

"Nakuomba kwa ajili ya mwanao wa ubatizo," akasema.

Hapo alinigusa penyewe, na alijua. Mimi ndiye niliyemshika Lucinete siku anamwagiwa maji ya ubatizo, na kwetu hilo si jambo la picha na keki. Mtoto akikuona popote, hata sokoni, anainamisha kichwa anakuomba baraka, nawe unambariki. Lucinete hakuwahi kuruka hata siku moja, na mimi sikuwahi kumnyima. Binti nilikuwa namwona. Mama yake ndiye niliyekuwa simwoni.

Kiangazi hichohicho Lucinete alikanyaga jembe bovu vichakani, unyayo ukapasuka kutoka vidoleni mpaka kisigino. Kidonda kikakataa kupona. Mguu ukavimba, ukanuka, na hospitali ya mjini wakaanza kuzungumza habari za kukata. Baba yake alikuwa kusini kwenye miwa, hata simu hashiki. Ndipo Edinalva akapiga magoti akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Lazaro, yule maskini wa mlangoni pa tajiri, aliyelambwa vidonda na mbwa wakati watu wanampita. Akasema mguu ukibaki, atawapikia mbwa saba karamu. Kidonda kikafunga. Nilishukuru Mungu kimyakimya, nyumbani kwangu.

Sasa wiki hiihii ya sikukuu kidonda kilikuwa kimeanza kutoa maji tena, na Jumatatu hospitali walimtaka aende, waufungue mguu wauone.

"Mtakatifu ananikumbusha nadhiri yangu," Edinalva akasema, na meno yalikuwa yanagongana ingawa jua lilikuwa kali. "Nisipoitimiza Jumapili, Jumatatu wanaukata. Dada, nimepita kila nyumba. Hakuna anayetaka mbwa wake ale kwangu."

"Wanajua wanachokiogopa."

"Njoo basi hata usimame tu. Wakikuona wewe, watakuja."

Nilimwambia nitafikiri, nikafunga mlango. Lakini hebu niambie, nifikiri nini? Usiku kucha niliuona ule mguu. Kila nikigeuka, nauona umekatwa, na mtoto ananiinamishia kichwa akiomba baraka kwa magongo.

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Nikamfunga Piaba kamba nikaenda. Na kweli watu walikuja. Nadhani nusu yao walikuja kwa ajili ya mtakatifu, nusu kwa ajili ya umbea. Mbwa walitimia saba kamili, na kila mbwa alikuwa kwenye kamba fupi, imezungushwa mkononi mara mbili.

Karamu ya mbwa ina masharti, na mtoto wa kwetu huyajua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kitambaa kiwe cheupe, kitandikwe chini. Sahani ziwe zile nzuri za nyumbani, chakula kiwe cha mgeni wa heshima. Mbwa waanze, kisha watoto, kisha sisi. Anayeonja kabla ya mbwa amewapora mbwa wa mtakatifu, na nadhiri imeharibika. Na mbwa wakipigana juu ya kitambaa, ujue mtakatifu amekataa, kusanya vyombo vyako ulie.

Mzee Benvindo, mwongoza sala wetu, aliimba litania kwa sauti yake ya puani, sisi tukaitikia "utuombee". Edinalva akaleta sahani moja moja. Wali, kuku aliyetolewa mifupa, unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi. Kuku wenyewe ni wale wachache waliombakia. Harufu ilinifanya mimi mwenyewe nimeze mate. Mbwa walikuwa wanalia na kuvuta kamba mpaka wanakoroma. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na ndani nilimwona Lucinete kwenye wavu wake wa kulalia, mguu juu ya mto, bendeji ina doa la manjano.

"Wafungueni," Edinalva akasema.

Hakuna aliyefungua. Creusa, aliyepoteza mbwa wawili kiangazi kile, alivuta wake nyuma yake.

"Jamani, chakula kinapoa."

"Kipoe," Creusa akasema. "Wangu wawili walikula kikiwa cha moto."

"Mimi hapa ningemwomba mtakatifu mwenyewe aonje," mtu akasema nyuma, watu wakacheka kile kicheko cha kuogopa.

Ndipo mdomo wangu ukafanya kazi yake. "Si lazima mtakatifu," nikasema. "Aonje mpishi."

Kicheko kikakatika. Edinalva akanigeukia na sahani ya mwisho mkononi.

"Zulmira, unajua siwezi."

"Najua huwezi. Ninachotaka kujua ni kwa nini huwezi."

Watu wakaguna kuniunga mkono. Aonje. Kila sahani, kijiko kimoja kimoja. Na mimi nilijua vizuri nilichofanya. Akionja, nadhiri imekufa. Asipoonja, mbwa hawali, nadhiri imekufa. Nilimziba pande zote kama panya, na nikaona tamu, Mungu anaona. Tamu ile ilidumu mpaka nilipotupa jicho chumbani. Lucinete alikuwa ameinuka kwa kiwiko, anatutazama.

Edinalva aliweka sahani chini, akanishika mkono, akanivuta mpaka jikoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Ni mimi," akasema. "Nyama niliitega mimi. Nilimtegea Tubarão wako. Wale wengine sikuwafikiria."

Miezi yote ile nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimeshapanga kofi lake, na upande wa shavu. Mkono ukapanda, kweli ulipanda.

"Ngoja, hujamaliza kusikia," akasema, wala hakukwepa. "Lucinete aliniona naitega. Alfajiri akatoka peku kwenda kuiokota, Tubarão asije akaila. Alikuwa akizunguka vichakani anatafuta vipande, ndipo akakanyaga lile jembe."

Nikakaa kwenye gogo la kuvunjia mbegu za michikichi ya babasu.

Mtoto yule. Miezi yote anainamisha kichwa, "Mama, nibariki," na mimi nambariki, kisha namsema mama yake mbele yake hadi basi. Hakunijibu hata neno. Angesema, angekuwa amemuuza mama yake. Aliinama tu, akachukua baraka, akachechemea kwenda zake.

"Sumu nilimtegea mbwa," Edinalva akasema, "jembe likampata mwanangu. Nikaenda kumwomba nani? Mtakatifu wa mbwa. Niambie, dada, mtakatifu wa mbwa atanisikiliza mimi? Naogopa kila dakika. Nikimfunga bendeji naogopa, nikipika naogopa. Naona anauachia mguu kidogo, anauchukua, anauachia, anauchukua, ili nijue."

"Sidhani watakatifu wana roho mbaya kama yangu," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo. "Mungu nasikia ana huruma. Mimi sina, na wale walioko nje hawana. Toka ukawaambie."

"Watanipiga."

"Huenda. Lakini watajua."

Alifuta uso kwa gauni, akatoka. Nilimfuata nyuma, na nakiri sikujua kama namfuata nimlinde au nimwone akipigwa. Alisimama penye pembe ya kitambaa, akasema yote, na jina la dawa aliyotumia akalisema. La Lucinete hakulisema. Alilihifadhi, na hapo nilimheshimu kidogo.

Creusa akatema mate chini, akamvuta mbwa wake, akaondoka bila kugeuka. Siwezi kumlaumu. Mtu mmoja alisema apelekwe polisi, mwingine akasema apigwe kwanza. Mzee Benvindo alikuwa bado ameshika rozari yake. Akaanza kufungua kamba ya mbwa wake, polepole, maana vidole vyake vina baridi yabisi.

"Mzee, unafanya nini?" mtu akauliza.

"Nilikuwa naogopa mkono nisioujua," akasema. "Huu sasa naujua. Kaa chini, wewe," akamwambia aliyeuliza.

Mbwa wake, dume kubwa lenye kovu puani, likaenda kwenye sahani ya kwanza likala. Tukalitazama. Sote tulikuwa tunatazama tumbo lake. Likala likamaliza, likalamba sahani, likaanza kutafuta nyingine. Ndipo kamba zikafunguliwa, moja hapa, moja pale. Mimi nilimwachia Piaba wa mwisho, na mkono wangu ulibaki umefumbata kamba tupu.

Mbwa sita. Sahani ya mbwa wa Creusa ikabaki imejaa, katikati ya kitambaa.

Edinalva alihesabu kwa midomo, nikaona rangi inamtoka. Nadhiri yake ilikuwa mbwa saba. Na dume la mzee Benvindo lilikuwa limeshaiona ile sahani, na Piaba ameshaiona. Manyoya ya mgongoni yakasimama. Piaba ni mdogo lakini hana adabu kama mimi, akaonyesha meno. Dume likajibu kwa mngurumo uliotoka chini kabisa tumboni. Mzee Benvindo akapandisha sauti ya litania kana kwamba mbwa wataogopa watakatifu, na sisi tukaitikia. Kuwagusa haturuhusiwi. Bado kidogo wararuane, na mguu wa mtoto uende nao.

Edinalva akapiga magoti. Akaweka viganja juu ya kitambaa, akatambaa mpaka katikati ya wale wawili, akainamisha uso ndani ya sahani ya saba, akala. Bila mikono. Meno ya dume yalikuwa sentimita chache tu kutoka shavuni kwake. Alikuwa anakula na kulia, wali unamganda puani, na nywele zake, zile nywele ndefu anazojivunia, zikamwagika zikafunika chakula na kumgusa Piaba machoni. Piaba akarudi nyuma hatua moja, akajikunja kuruka.

Sikumbuki kuamua. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye kitambaa, nimezikusanya nywele za Edinalva kwa mikono miwili, nimezishika juu ya shingo yake, mbali na sahani. Nilizishika hivyo mpaka akamaliza. Dume lilinusa sikio lake, likapiga chafya, likalala chini. Piaba akakaa.

Watu walibishana mpaka jioni kama mtu anahesabika kuwa mbwa. Mzee Benvindo aliwauliza kama wamemsahau yule mama Mkanaani mwenye binti mgonjwa, aliyesema hata mbwa hula makombo chini ya meza, na Bwana akampa alichoomba. Wengine waliridhika, wengine wakasema yule hakuua mbwa wa mtu. Watoto wakala, sisi tukala. Edinalva hakuuliza mtu yeyote kitu. Alikuwa jikoni anaosha sahani moja ileile.

Jumatatu nilipanda nao lori la mjini. Hakuna aliyenialika. Lucinete aliinamisha kichwa nikambariki, nikamwambia akitaka kuniambia jambo lolote aniambie, akasema hana jambo. Sawa. Njia nzima mashimo, na kila shimo mtoto anauma mdomo.

Daktari alikuwa kijana, hana maneno. Alikata bendeji, akabonyeza. Lucinete akapiga ukelele, usaha ukatoka mwingi, na Edinalva akageukia ukuta. Mimi ndiye niliyeushika mguu. Daktari akachokoa ndani kwa koleo, akachokoa tena, jasho linanitiririka mgongoni, mpaka akatoa kitu cheusi, chembe ya chuma, akakiangusha kwenye bakuli. Akaosha, akatazama muda mrefu, akanusa. Sijawahi kumchukia mtu kwa kunyamaza kama nilivyomchukia kijana yule.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinausumbua," akasema hatimaye. "Mguu unabaki."

Edinalva alishuka chini kwa ukuta kama nguo iliyodondoka kambani. Alikaa sakafuni akitaja jina la mtakatifu na la Mungu bila mpangilio. Kisha akatambaa mpaka kitandani, akajikokota akasimama mbele yangu, uso umejaa machozi.

"Dada, umenisamehe?"

"Bado," nikamwambia. "Hebu sogea, unaniziba. Nataka kuuona mguu wa mwanangu."