Kiapo cha Mama Vidonge

Kama angekuwa mjanja, Mama Vidonge angeiacha bastola mkobani, mkoba ukabaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na mambo yangeishia hapo. Lakini ujanja wa namna hiyo hakujaliwa. Kanisani kwao, wanaogawa mkate wa meza ya Bwana walikuwa na desturi yao: kabla ya kutoka chumba cha maandalizi, kila mmoja huvua saa, akatoa simu, funguo na vikorokoro vyote alivyo navyo, akavitia kwenye kikapu kimoja. Kikapu hubebwa mbele ya watu na kuwekwa chini ya meza, ili waumini wote waone kwamba waliosimama pale wamekuja na mikono mitupu.

Jumapili zote bastola ilishinda kwenye duka lake la dawa, ndani ya kabati la chuma linalofungiwa dawa kali, na ufunguo ukashinda shingoni mwa mwenye duka. Jumapili ile baba mmoja alimwita asubuhi, mwanawe amebanwa na pumu. Mama Vidonge akafungua duka, akaitia bastola mkobani kama afanyavyo kila anapofungua, akatoa dawa, akasubiri mpaka kifua cha mtoto kikatulia, kisha akakimbilia kanisani na mkoba kama ulivyokuwa. Alipokumbuka kilichomo, alikuwa ameshavaa vazi jeupe na kikapu kimemfikia. Kukificha aliona ni sawa na kumdanganya Mungu mchana kweupe. Akajibanza pembeni, akatoa risasi, akaviringisha vyote ndani ya mtandio wake, akavitia kikapuni.

Baada ya ibada, Katibu wa baraza la wazee ndiye aliyewarudishia watu vitu vyao. Alikuwa mwalimu mstaafu, na hakuwa mtu wa kuacha kitu kipite bila kukikagua. Aliunyanyua mtandio, akashangaa uzito wake, akaufungua. Risasi moja ikaanguka, ikabingirika sakafuni hadi kwenye kiatu cha mchungaji.

"Hii ya nani?" Katibu aliuliza.

"Yangu," Mama Vidonge alijibu. "Na kibali ninacho."

Kabla watu hawajala chakula cha mchana, mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Wengine waliongeza chumvi mpaka bastola moja ikawa mbili. Mama Vidonge aliwasikia na hakujisumbua kuwasahihisha. Anayetaka kujua kwa nini anatembea na silaha angekwenda tu kumwangalia wifi yake akinywa chai.

Wifi hunywa chai kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikatwa panga miaka miwili iliyopita, saa nne asubuhi, jua linawaka na watu wanapita barabarani. Wanaume watatu waliingia dukani wakitaka dawa za kabatini. Wifi ndiye aliyekuwa kaunta, akachelewa kutoa ufunguo. Mama Vidonge alikuwa stoo akihesabu maboksi ya dawa, na alipotoka alikuta damu imefika kwenye mizani. Hakuwa na chochote mkononi isipokuwa kalamu. Hakuwahi kuisamehe ile kalamu. Vidole vya Wifi vilipona, lakini havishiki; kijiko tu kinamponyoka. Miezi sita baadaye mmoja wa wale wanaume alirudi, kanyoa ndevu, kajifanya mteja. Mama Vidonge aliiweka bastola juu ya kaunta, taratibu, kama anayeweka chenji. Yule mtu aliitazama, akamtazama yeye, akaenda zake. Hajarudi tena.

Nyumbani, hata hivyo, hakuwa na mtetezi. Mama mkwe, ambaye ndiye mama mzazi wa Wifi na aliyeishi nao tangu mwanawe wa kiume afariki, alichukia silaha ile kwa moyo wake wote.

"Kichuma hicho sikitaki," alisema jioni ile, akichambua mchicha bila kuinua uso. "Nilishakwambia siku ya kwanza. Mtu wa Mungu analindwa na Mungu."

"Na Wifi, mama, hakuwa mtu wa Mungu?"

Mama mkwe aliendelea kuchambua. "Usinitie maneno mdomoni," alisema, akatupa shina na jani pamoja.

Jumatano alasiri baraza likamwita. Walikuwa wazee saba kwenye meza ndefu, Katibu na daftari lake, na mchungaji, kijana mpole aliyekuwa akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Dada yetu," Katibu alianza, "hatukukuita kukuhukumu."

"Basi ondoeni hicho kiti nilichowekewa katikati ya chumba," alisema Mama Vidonge, akavuta kiti kingine, akakaa nao mezani.

Kuna aliyekohoa. Katibu alikaza uso akaendelea. Anayegawa mwili wa Bwana, alisema, hawezi kutembea na kitu cha kuulia. Mkono ni huo huo.

"Ule usiku wa meza ya kwanza kabisa," Mama Vidonge alisema, "kulikuwa na panga mbili humo chumbani. Nimesoma mwenyewe. Sikuona mahali aliyekuwa nazo anafukuzwa."

"Na mmoja alipoutumia upanga akaambiwa aurudishe alani mwake."

"Kweli. Aurudishe. Hakuambiwa autupe. Na wa kwangu, mzee wangu, haujawahi kutoka alani kumdhuru mtu."

Katibu alifunga daftari lake. Mama Vidonge alijua amemgusa, na akili ilimwambia aishie hapo. Lakini hasira zilikuwa zimeshapanda, na alikuwa na dukuduku la siku nyingi.

"Mkeo kila jioni anasubiri gari dukani kwangu. Hasubiri kituoni, hasubiri kwa fundi viatu. Kwangu. Umewahi kumuuliza kwa nini?"

Chumba kizima kilitazama meza. Katibu alifungua daftari, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, akaisukuma mbele ya Mama Vidonge kwa kidole kimoja. Ilikuwa na mistari miwili. *Naapa mbele za Mungu kwamba silaha niliyonayo sitaitumia kamwe dhidi ya binadamu yeyote.* Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi.

"Tumekurahisishia," alisema Katibu. "Hatukunyang'anyi kitu. Kaa nayo, kibali unacho. Weka sahihi tu, na Jumapili utagawa mkate kama kawaida."

Mama Vidonge aliisoma mara mbili. Miaka kumi na moja alikuwa amebeba sinia lile la mkate. Mwezi aliomzika mumewe alilibeba, na ndilo lililomfanya asimame wima. Hakuna kazi duniani aliyoipenda zaidi ya ile ya kuinama mbele ya mtu na kumwambia kwamba mkate ule ni wake. Kalamu ilikuwa pale, imeshafunguliwa kifuniko. Akilini aliuona mkono wa Wifi.

"Kila asubuhi nikiitia mkobani," alisema polepole, "naomba leo nisiitumie. Miaka miwili Mungu ananisikia. Lakini mtu akiingia tena na panga, na Wifi yuko kaunta, sijui nitafanya nini. Sijui, na ninyi hamjui. Siapi."

"Mama," mchungaji alisema, karibu anong'one, "ni maneno mawili matatu tu."

"Mchungaji wangu, unataka niseme uongo mbele za Mungu ili nipate ruhusa ya kuwagawia watu mwili wake?"

Mchungaji alivaa miwani. Katibu akaandika kwenye daftari kwamba dada amesimamishwa huduma ya meza mpaka atakapotii. Mama Vidonge alimsubiri amalize kuandika, akamwonyesha neno alilokosea, akatoka.

Nyumbani alisimulia yote. Machozi yalimtoka, ya uchungu na ya hasira, akayafuta kwa kiganja. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeapa tu," alisema.

"Ningekuwa mwongo, mama."

"Hilo nimelisikia," alisema mama mkwe, akaingia chumbani kwake.

Jumapili bastola ilikuwa kabatini na ufunguo shingoni. Mama Vidonge aliketi benchi la tatu kama muumini yeyote, kati ya mama mkwe na Wifi, bila vazi jeupe, na alihisi macho ya watu mgongoni. Kikapu kikapita, kikawekwa chini ya meza. Katibu mwenyewe ndiye aliyebeba sinia upande wao. Alimwinamia mama mkwe, aliyekaa mwanzo wa benchi.

Mama mkwe aliacha mikono ndani ya mtandio.

"Bibi," Katibu alinong'ona, "mwili wa Bwana."

"Najua ni wa nani. Miaka kumi na moja huyu ndiye anayenipa. Nitamsubiri."

"Bibi, watu wanangoja."

"Wangoje."

Mabenchi ya nyuma yakaanza kugeuza vichwa. Mchungaji alisimama mezani, hakusogea. Ndipo Wifi alipoinuka, akanyoosha mkono juu ya magoti ya Mama Vidonge, akalishika sinia. Alilishika kwa mkono wa kulia.

Katibu, kwa kushtuka, akaachia. Vidole vile havikuweza. Sinia likainama, mkate ukaanza kuteleza kwenda ukingoni, na Mama Vidonge akalidaka kwa mikono yote miwili. Hakuna kipande kilichoanguka. Wifi akaketi, akautuliza mkono wake mapajani, kama hana habari.

Katibu alinyoosha mikono apewe sinia. Mama Vidonge alimtazama usoni, wala hakumpa. Aligeuka, akamwinamia mama mkwe, akamwambia kwamba mkate ule ni wake.

Mama mkwe alichukua kipande, akafumba macho, akatafuna mpaka mwisho.

"Na kichuma bado sikitaki," alisema.

"Najua, mama," alisema Mama Vidonge, akampita Katibu aliyesimama mikono mitupu, akaenda benchi la nne.